Nusu klachi si dhambi: kwa dada anayeangukia getini

"Nina miaka 38. Miezi miwili iliyopita nilinunua pikipiki ya gia, 125 cc, ya kuniwahisha kazini hapa Mwanza. Barabarani nikishafika gia ya tatu sina wasiwasi. Tatizo langu ni mwendo mdogo. Kwenye foleni ya Mkuyuni inarukaruka kama chura, mara inazima, na wenye magari wananipigia honi. Nyumbani napanda njia ya mawe, halafu nakata kona kali kuingia getini. Hapo ndipo nimeshaanguka mara mbili, juzi kioo kikavunjika. Nikiona inalala tu, nabana klachi yote nitulie, lakini ndiyo kwanza inakwenda chini. Fundi wangu anasema nisizoee kukaa nusu klachi, nitaunguza pleti. Shemeji yangu wa bodaboda anasema niteremshe miguu yote miwili. Je, mikono yangu ni mizito au nimekosea pikipiki? Niiuze nichukue skuta?"

Pole na kioo, dada yangu. Hujakosea pikipiki, na mikono yako haina neno. Jibu umeliandika mwenyewe bila kujua, katika ule mstari wa "nabana klachi yote nitulie". Nimefundisha watu kuendesha pikipiki miaka mingi, na kabla ya hapo nilikuwa fundi. Kila mwanafunzi aliyenijia na maelezo kama yako alikuwa anafanya hivyo hivyo: akiogopa, anafunga kila kitu. Klachi inabanwa, mafuta yanarudishwa, breki inashikwa, vyote kwa mpigo. Kwenye gari ukifanya hivyo unasimama salama. Pikipiki yenye mwendo wa kutembea, hasa ikiwa imeshainama, umeiondolea kilichokuwa kinaishikilia.

Nianze na fundi wako, maana neno lake ndilo linalokutia hofu. Yuko sahihi kwa gari. Klachi ya magari mengi ya gia ni kavu, haina mafuta. Ukiikalia nusu inajisugua, inapata joto, na joto halina pa kwenda. Pikipiki nyingi za barabarani kama yako zina klachi tofauti. Ndani kuna pleti kadhaa zilizopangwa kwa zamu, moja ya kusugua na moja ya chuma, zimebanwa na springi na zinaoga kwenye oili ile ile ya injini. Fikiria pakiti ya karata umeishika kiganjani. Ukiibana sana zinazunguka pamoja kama kitu kimoja. Ukilegeza kidogo zinateleza, lakini bado moja inaivuta nyingine. Huko kuteleza ndiko nusu klachi. Oili inapita katikati ya pleti na kuondoka na joto.

Kwa hiyo nusu klachi ya sekunde chache kwenye kona, kwenye foleni, au unapopita mlango mwembamba ndiyo kazi iliyotengenezewa. Anayeunguza pleti ni yule anayepanda mlima na abiria wawili na gunia la mkaa, amekaa gia ya pili, klachi nusu, resi juu, dakika nzima. Au yule anayeendesha barabara kuu vidole vimelala kwenye mkono wa klachi. Wewe hujafika huko. Ukifika utajua: injini italia juu wakati mwendo hauongezeki, na utasikia harufu ya kitu kilichoungua. Zaidi ya hapo, pleti za 125 si kitu cha kukunyima usingizi. Ukizilinda wewe ukaanguka, kioo na goti vitakugharimu zaidi.

Sasa kwa nini inaruka? Injini ina mwendo wake wa chini kabisa, ule mafundi wanaouita silensa. Kwa pikipiki kama yako huwa karibu na mizunguko 1,400 kwa dakika. Ina pistoni moja, na injini ya namna hii huchoma mafuta mara moja katika kila mizunguko miwili. Maana yake kwenye silensa inapiga kama mara 12 kwa sekunde. Hapo bado ni laini. Ukiachia klachi yote kwenye gia ya kwanza, huo mwendo wa silensa ni karibu na mwendo wa mtu anayetembea kwa haraka. Foleni ikienda polepole kuliko hapo, tairi linailazimisha injini izunguke chini ya silensa yake. Mapigo yanaachana, kila pigo unalisikia peke yake kama teke, halafu inazima. Hakuna ufundi wa mkono wa kulia utakaoikwepa hesabu hiyo. Injini inataka kasi, tairi linataka polepole, kwa hiyo lazima kitu cha katikati kiteleze. Kitu hicho ni klachi. Kama umekatazwa kukaa nusu klachi, umekatazwa kwenda polepole.

Kuna sababu ya pili ya kurukaruka, na hii nina hakika unayo maana karibu kila anayeanza anayo. Pikipiki ikishtuka kwenda mbele, mwili wako unabaki nyuma. Mkono wa kulia umeshika resi, kwa hiyo mwili ukirudi nyuma unaivuta na kuifungua zaidi. Pikipiki inachomoka. Unashtuka, unaegemea mbele, mkono unaifunga. Inakaba. Mwili unatupwa mbele, kisha nyuma tena. Chura anayeruka hapo ni wewe na pikipiki mmeshikana mikono. Dawa yake haiko mkononi, iko magotini. Bana tangi kwa mapaja, uzito wako ukae kwenye kiti na kwenye vikanyagio, viwiko vilegee kiasi cha kuweza kupiga mbawa. (Vaa suruali, hata kama ni chini ya gauni. Sketi ya kubana haikuruhusu kushika tangi, na nimeona wengi wakilaumu klachi kumbe ni kitambaa.)

Tuje kwenye kuanguka. Pikipiki inayokwenda kasi ina namna yake ya kujinyoosha. Magurudumu yanayozunguka yanasaidia, na uma wa mbele umewekwa kwa pembe inayofanya tairi ligeuke lenyewe kuelekea upande inakoinamia. Mwendo ukiwa mdogo sana msaada huo unafifia, kazi inabaki kwako. Na kazi yenyewe ni kurudisha matairi chini ya uzito wako kila yanapotoka. Inainamia kushoto, usukani unaenda kidogo kushoto, tairi linakimbilia kushoto na kukusimamisha. Baiskeli iliyofungwa usukani kwa kamba haina bingwa wa kuiendesha. Lakini angalia sharti lililojificha hapo: tairi haliwezi kukimbilia chini yako kama halizunguki. Lazima kuwe na kitu kinachosukuma kutoka nyuma. Ukibana klachi yote katikati ya kona, usukani umegeuka, pikipiki imeinama, na msukumo umekatika. Ni sawa na mtu aliyekushika kiuno ukiwa umeegemea, ghafla akakuachia.

Kwa hiyo pale getini, ilipoanza kulala, ulichotakiwa ni kuachia klachi kidogo zaidi, si kuibana. Najua linavyosikika. Mwili wote utakataa. Ndiyo maana linafundishwa uwanjani, si getini.

Uwanja huo nitakuelekeza, lakini kwanza mikono. Mkono wa kulia ushike resi kwa namna ya kushika bisibisi, kwa kuizungusha kidogo kiganjani, kifundo kikiwa chini kidogo. Ukiikamata kama unavyoshika chepe, kifundo kikiwa juu, tuta moja tu litakufanya uivute hadi mwisho. Mkono wa kushoto, kama vidole vyako ni vifupi tumia vyote vinne. Usisikilize wanaosema viwili ndiyo ufundi. Mguu wa kulia ukae juu ya breki ya nyuma, unaigusa bila kuikanyaga.

Tafuta uwanja wa tambarare, wa shule au wa mpira, Jumapili asubuhi. Washa, weka gia ya kwanza, usiguse resi kabisa. Achia klachi taratibu kama unayeteremsha mtoto aliyelala kitandani. Kuna sehemu ambapo sauti ya injini inashuka kidogo, mbele panainuka kwa mbali, na pikipiki inajivuta. Hapo ndipo inapoanza kushika. Usiachie zaidi. Bana tena nusu sentimita, itasimama. Achia, itavuta. Fanya hivyo mara hamsini, miguu ikikanyaga chini taratibu, pikipiki ikienda mbele hatua moja na kusimama. Wanafunzi wangu wanaliona zoezi hili la kitoto na wanataka kuliruka. Silirukishi. Mkono wa kushoto ukishaijua sehemu hiyo bila kuitafuta, nusu ya shida yako imekwisha siku hiyo.

Baada ya hapo ongeza resi kidogo, injini ilie juu ya silensa kwa kiasi cha kusikika, kisha uisahau. Namaanisha usiiguse tena. Makosa yote ya mwendo mdogo yanatoka kwa watu wanaotaka kuongoza mwendo kwa mkono wa kulia. Pikipiki ndogo ikiwa gia ya kwanza, resi ina ukali: milimita moja ni teke, kuirudisha ni breki. Iache palepale. Mwendo uuongoze kwa mkono wa kushoto na mguu wa kulia. Unataka haraka, achia klachi kidogo. Unataka polepole, bana kidogo na uguse breki ya nyuma. Injini inavuta, breki inazuia, na wewe upo katikati yao.

Utauliza kuna maana gani kuvuta na kuzuia kwa wakati mmoja. Ni kwa ajili ya cheni. Kila unapofunga na kufungua mafuta, ulegevu wa cheni unakwenda juu, unarudi chini, na kila inapokaza upya unapata ule mtikisiko. Breki ya nyuma ikiburuza kidogo huku injini inavuta, cheni inabaki imekaza upande wake wa juu. Mtikisiko unakosa nafasi. Ndiyo maana mtu mzoefu anapopita katikati ya magari unamwona ametulia kama amekaa kwenye benchi. Mguu wake unafanya kazi usiyoiona.

Hapo utaona kwa nini sikubaliani na shemeji yako, ingawa namheshimu. Miguu yote ikining'inia, breki ya nyuma haina mwenyewe, na unabaki na breki ya mkono tu. Breki ya mbele ukiigusa huku usukani umekata, mwendo mdogo, pikipiki inalala papo hapo. Tairi la mbele linakabwa likiwa limeangalia pembeni, na uzito wote unaangukia upande ule ule. Mimi hivyo ndivyo nilivyoanguka mbele ya kituo cha mafuta, trei ya mayai imefungwa nyuma, watu wote wanatazama. Mwendo ulikuwa wa kobe. Yalipona mayai manne kati ya 30. Juu ya hayo, mguu unaoburuzwa kwenye mawe ya Mwanza unaweza kunaswa kati ya jiwe na kikanyagio, na kifundo hakiwezi kushindana na pikipiki ya zaidi ya kilo 100. Shemeji anaweza kwa sababu anashinda juu yake kutwa na mkono wake unafanya kazi bila yeye kuujua. Wewe teremsha mguu mmoja, wa kushoto, na uuteremshe unaposimama, si unapokwenda.

Wajapani wameligeuza jambo hili kuwa sehemu ya mtihani wa leseni. Wanakupa njia nyembamba iliyoinuliwa, yenye urefu wa mita 15, upana wa sentimita 30 na kimo cha sentimita 5, upite bila kudondoka. Ukifika mapema mno unapunguziwa alama. Kwa pikipiki ya kawaida unatakiwa utumie sekunde 7 au zaidi, kwa kubwa 10. Unaweza kuchora njia hiyo uwanjani kwa chaki au majivu, na mtoto akuhesabie. Siku ya kwanza utapita kwa sekunde 4. Ukifika 8 bila kugusa mstari, foleni ya Mkuyuni haitakusumbua tena.

Mwisho wa mazoezi ni kona. Panga chupa za maji mduara mpana, mita 10 hivi, zunguka kulia na kushoto, kisha usogeze chupa ndani kidogo kidogo kila siku. Mwendo ukiwa mdogo, pikipiki ilale na wewe ubaki wima, yaani uzito wako uhamie upande wa nje wa kona. Na kichwa kigeuke kweli kweli, kidevu kielekee begani, macho yaende unakotaka kutokea. Ukiangalia nguzo ya geti, utaigonga nguzo ya geti. Sijui mtu ambaye jambo hili halijamtokea.

Njia ya mawe ina lake. Ipange kabla ya kuianza: simama chini, tazama unapita wapi, kisha panda gia ya kwanza kwa mvuto mmoja bila kubadili wazo katikati. Nyanyua makalio kidogo, magoti yawe springi. Ukilazimika kusimama mlimani, kaa na mguu wa kulia kwenye breki ya nyuma, wa kushoto chini. Kuondoka, ongeza resi kwanza, achia klachi mpaka uisikie inashika na nyuma inataka kukaa chini, ndipo uachie breki. Ukiachia breki kabla, utarudi nyuma, na ukishaanza kurudi nyuma mlimani kwa pikipiki, hakuna somo litakalokutoa hapo. Usipakie mtu yeyote njia hiyo kwa sasa, hata mwanao.

Lakini nisikubebeshe makosa yote wewe. Pikipiki mbovu inaweza kumwaibisha hata mwalimu, na yako imeshaanguka mara mbili. Mkono wa klachi uwe na ulegevu mdogo kabla ya kuanza kuvuta, milimita 10 hadi 20 ukipima kwenye ncha yake. Waya ukiwa mkavu au umekatika nyuzi, klachi itashika kwa kushtuka hata uiachie vipi. Dondosha oili ndani ya waya, na kama inakwama bado, nunua mpya, si ghali. Cheni ishike katikati upande wa chini, ipandishe na kuishusha: sentimita 2 hadi 3 zinatosha. Ikicheza kama kamba ya kuruka, nusu ya chura wako yuko hapo. Silensa ikiwa chini mno itazima kila kona, na hiyo ni skrubu moja kwenye kabureta. Na uliza umewekewa oili gani. Baadhi ya oili za magari zina vilainishi vinavyofanya pleti ziteleze, kwa hiyo tafuta ya pikipiki, yenye alama ya JASO MA au MA2 kwenye chupa. Baada ya kuanguka angalia pia kama usukani umepinda au mkono wa klachi umesogea ukakaa mbali na vidole vyako.

Kuhusu skuta, nitakwambia ukweli wote. Skuta ya mkanda (nguvu inapelekwa tairini kwa mkanda, huna gia za kubadili) haina klachi ya mkono, foleni kwake ni starehe, na kama ungeishi tambarare ningekwambia nenda kachukue leo. Lakini nyingi zina matairi madogo, inchi 10 au 12, wakati yako bila shaka ni 17 au karibu na hapo. Jiwe ambalo tairi lako linalipanda, tairi la skuta linaligonga. Zipo pia zile za mtindo wa Honda C90, zina gia lakini klachi inajiendesha yenyewe, na matairi yake ni makubwa kidogo. Hiyo ni njia ya katikati nisiyoidharau. Ila jipe wiki nne za uwanja kwanza. Kuuza pikipiki iliyovunjika kioo, yenye miezi miwili, ni kumpa mnunuzi zawadi.

Mwone mwalimu ana kwa ana ikiwa wiki mbili zimepita na bado hujaweza kusikia klachi inaposhika, au ikiwa hofu imekuwa kubwa hadi mikono inatetemeka kabla ya kuwasha. Saa mbili za mtu anayetembea pembeni yako zinazidi kurasa kumi zangu. Na kama vidole vya kushoto vinakufa ganzi au kiganja kinauma usiku, nenda hospitali, usikaze tu. Vivyo hivyo kizunguzungu, au goti lililovimba tangu ulipoanguka.

Hadi hapo, kuhusu geti lenyewe: usilikate kona likiwa limefungwa nusu. Simama njiani, shuka, lifungue lote, rudi uipande pikipiki. Ipeleke mbali kidogo upande wa pili wa njia ili kona ipanuke. Resi juu kidogo, iache. Mguu kwenye breki ya nyuma, vidole vinne kwenye klachi, vya kulia mbali na breki ya mkono. Tazama mlango wa jikoni, si nguzo. Ikianza kulala, achia klachi kiasi cha unene wa sarafu.

Kioo usinunue bado. Ngoja ufike sekunde 8.